Je, Yampasa Mtu Mzima Kumrudia Mtoto Aliyekuwa?

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuliweka mbele yenu swali moja ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laonekana dogo, lakini tulipolishika mikononi tuliona uzito wake. Swali lenyewe ni hili: mtu akiisha kuwa mzima, amezaa, amejenga, hata nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, je, ni vema aurudie utoto wake kwa kazi ya mikono, yaani kwa kuchora, au kufinyanga, au kuchonga, au kuandika, akimtafuta yule mtoto aliyekuwa zamani? Au ni upuuzi, wala hamna faida ndani yake?

Wako wasemao ni upuuzi. Hao hushika neno la Mtume Paulo kwa Wakorintho, ya kuwa alipofikia utu uzima aliyaacha mambo ya kitoto. Tena wako wasemao ni dawa, nao hushika habari ya Bwana wetu aliyemwita mtoto mdogo na kumsimamisha kati ya wanafunzi waliokuwa wakishindania ukubwa. Kila upande wadhani umemaliza maneno. Sisi twaona hawajamaliza, kwa maana mtu ashikapo kazi hii kweli kweli huona kwamba shida kubwa haiko pale walipoitafuta wao. Shida iko katika kuwasema watu wengine waliokuwako siku zile, hasa baba na mama. Na jambo hili tulifundishwa na mfinyanzi mmoja, wala si kwa vitabu.

Hapa Uyole, penye njia panda, ambapo barabara itokayo Iringa kwenda Zambia yaachana na ile iendayo Tukuyu na Kyela, yuko mzee mmoja, fundi wa kujenga nyumba. Jina lake hatulitaji, lakini ametupa ruhusa kuisimulia habari yake. Umri wake umepita miaka 60. Maisha yake yote amekuwa mtu wa udongo: amefyatua matofali, ameyapanga tanuruni, ameyachoma, na kwa hayo amejenga nyumba za watu wengi, hata jirani zake huweza kuuonyesha ukuta fulani na kusema, Huu ni mkono wake. Lakini tangu utoto wake hakufinyanga kitu kingine cho chote isipokuwa tofali.

Mwaka jana, wakati wa masika, wajukuu wake walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba, pale anapochimba udongo wa kazi yake. Aliye mdogo wao alimletea donge akamwambia, Babu, nifanyie ng'ombe. Mzee alilipokea bila kufikiri. Alituambia kwamba mikono ilifanya kazi kabla ya moyo kujua: ikavuta pembe, ikainua nundu, ikabana miguu minne, na ng'ombe akasimama. Mtoto akafurahi, akakimbia naye. Lakini mzee alibaki ameketi akiitazama mikono yake, na usiku ule hakupata usingizi.

Maana alikumbuka. Alipokuwa na umri wa miaka minane au tisa alichunga ng'ombe wa baba yake, na kando ya mto alikuwa na zizi lake mwenyewe la ng'ombe wa udongo, na kila mmoja alikuwa na jina. Siku moja, akiwa amezama katika kazi yake, ng'ombe wa kweli waliingia shamba la watu wakala maharagwe. Baba alikuja na fimbo. Alimpiga, kisha, mbele ya macho yake, akalikanyaga lile zizi la udongo kwa mguu, ng'ombe mmoja mmoja, mpaka hakubaki hata mmoja. Tangu siku ile yule mtoto hakufinyanga tena.

Baada ya usiku ule mzee alianza. Kila jioni, akiisha kutoka kazini, aliketi barazani akafinyanga. Kwanza aliwafanya ng'ombe wale wa zamani, na majina yao aliyakumbuka yote ila mawili. Kisha akamfanya mtoto aliyeinama, amejifunika kichwa kwa mikono. Mwisho akamfanya mtu mrefu, fimbo mkononi, mguu mmoja umeinuliwa. Akawachoma wote pamoja na matofali yake, akawapanga barazani.

Wapita njia walitazama. Wengine walicheka, wakasema mzee amerudia utoto. Ndipo akaja kaka yake kutoka upande wa Tukuyu kumjulia hali, mtu mwenye zaidi ya miaka 70, akasimama mbele ya yule mtu mrefu mwenye fimbo, akamtambua mara moja. Akasema, "Mdogo wangu, baba amelala kaburini, hana kinywa cha kujitetea. Nawe umemwanika barazani watu wamcheke?" Mdogo akajibu, "Kaka, simcheki. Mimi nami siku ile sikuwa na kinywa." Wakaachana pasipo kula pamoja. Jambo hili likatufikia sisi, kwa kuwa twawafahamu wote wawili, na kila mmoja alitaka tumwambie mwenziwe kwamba amekosa. Hatukuwa na jibu. Tuliomba siku chache za kufikiri, na maneno yafuatayo ni matunda ya siku hizo.

Kwanza tulijiuliza kama wale waliocheka wana haki. Twaona wamechanganya mambo mawili. Kuna utoto ambao ni kutaka kutumikiwa, kununa kila tunyimwapo, na kuwatupia wengine makosa yetu. Huo ndio wa kuachwa, na watu wengi wenye mvi wangali nao, ingawa hawajashika udongo tangu walipokuwa wadogo. Tena kuna jicho la mtoto, limtazamalo ng'ombe hata limjue kwa pembe zake na kwa mwendo wake. Jicho hilo Mtume hakutuagiza kulitoboa.

Angalieni pia jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika. Ng'ombe wa mtoto hupasuka juani, na mvua ya kwanza humrudisha kuwa tope. Ng'ombe wa fundi alikandwa kwa udongo uliochaguliwa, akaondolewa mawe, akakaushwa kivulini siku nyingi, ndipo akaingia motoni. Mtoto wa miaka minane hana maarifa hayo. Yule mtoto alikuwa na jambo la kusema, asijue namna ya kulisema. Mzee alikuwa na mkono uwezao kulisema, naye kwa miaka mingi hakuupa la kusema ila tofali. Walipokutana ndipo kazi ikapatikana. Mtu akiita hayo kurudia utoto, na aseme pia kwamba mtoto yule amepandishwa mpaka utu uzima.

Wazee wa nchi hii hawakuudharau mchezo wa watoto. Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza desturi za Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, na Monica Wilson aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Alieleza jinsi wavulana wapatao umri wa miaka kumi au kumi na mmoja walivyotoka katika nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda vyao wenyewe mbali kidogo. Kula walikula kwa mama zao, wakienda kundi zima kutoka nyumba hii hata nyumba ile, lakini usiku walilala katika kijiji chao. Mwanzo vilikuwa vibanda vidogo tu, karibu na mchezo. Baadaye wakakua, wakaoa, na mahali pale pale pakawa kijiji cha kweli chenye wake na watoto. Desturi hiyo imekwisha siku nyingi, lakini yatuonyesha kwamba mtu mzima aliweza kuishi palepale alipojenga akiwa mtoto, wala hakuna aliyemcheka.

Watazameni tena wanawake wa Kikisi, wa Ikombe na vijiji vingine vya pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, kisha hupandishwa hata huku kwetu Mbeya. Binti hujifunza kando ya mama yake, akiwa na donge lake dogo, na kadiri akuavyo ndivyo donge linavyokua. Hakuna siku aambiwayo, Leo mchezo umekwisha, sasa ni kazi. Kwa hiyo mfinyanzi wa Kikisi hana haja ya kwenda mbali kumtafuta mtoto aliyekuwa. Yuko naye katika vidole vyake. Fundi wetu alikuwa na haja ya safari, maana njia yake ilikatwa siku moja kwa mguu. Basi wale wanaomcheka wamefanana na watu wamchekao msafiri kwa kuwa wao wenyewe hawakupotezwa.

Pili tulijiuliza: je, mtoto huyo hupatikana kweli? Hapa yatupasa kuwa wanyenyekevu. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, naye ni mmoja wa watu wa kwanza kuuchunguza utoto wake mwenyewe kwa kalamu. Lakini alipofika kwenye siku za uchanga wake alikiri kwamba hazikumbuki; aliyajua kwa kuambiwa na wazazi, na kwa kuwatazama watoto wachanga wengine. Mtu mwenye akili kubwa namna ile aliona kwamba sehemu ya maisha yake imewekwa katika vinywa vya watu wengine.

Na katika siku zetu yuko Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, na mama yake akamchukua kwenda Uingereza akiwa na umri wa miezi minne. Huko alikua, akawa mchoraji, na mwaka 2017 akapewa Tuzo ya Turner, ambayo ni heshima kubwa ya wenye sanaa wa nchi ile. Alirudi Unguja mwaka 1997, akiwa mtu wa miaka zaidi ya 40, na mwaka 1999 akafanya mfululizo wa picha alizoziita kwa jina la Zanzibar. Fikirini kazi yake ilivyo ngumu. Mtoto wa miezi minne hakumbuki cho chote. Mchoraji huyu hakuweza kumwuliza yule mtoto aliona nini. Aliweza tu kusimama mahali alipozaliwa, na kutia katika rangi ule upungufu wenyewe.

Kwa hiyo twasema: amtafutaye mtoto aliyekuwa asidhani kwamba atamkuta ameketi akimngoja. Atakuta vipande. Vingine viko moyoni mwake, vingine viko kwa mama, kwa shangazi, kwa kaka, kwa rafiki wa malishoni. Na vile vilivyo moyoni mwake si lazima viwe vyote vya kweli, maana moyo hufinyanga pia, tena haufinyangi kwa haki siku zote. Utoto wetu si mali yetu peke yetu. Ni kama shamba la ukoo: mmoja aweza kulilima, lakini akitaka kuuza ni lazima aulize. Neno hili lilianza kutuonyesha njia ya kuwaendea wale ndugu wawili.

Tatu, na hili ndilo lililotusumbua zaidi: je, kweli ya mtoto yaweza kusemwa pasipo kuivunja amri ya nne? Tumeagizwa kuwaheshimu baba na mama. Kaka mtu alisimama juu ya amri hiyo, na hatukuthubutu kumwambia aondoke hapo.

Tulimkumbuka Daktari Martin Luther, aliyeieleza amri hiyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo wengi wetu tulijifunza kwa moyo. Alipokuwa mtu mzima, akiketi mezani na wageni na wanafunzi wake, aliwasimulia habari za utoto wake. Aliwaambia jinsi mama yake alivyompiga hata damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja tu, na jinsi baba yake alivyompiga siku moja kwa ukali hata mtoto akamkimbia, na ikampasa baba mwenyewe kufanya bidii ili amvute tena kwake. Hakuificha habari hiyo, wala hakuipaka asali. Tena alisema kwamba nia yao ilikuwa njema, ingawa hawakujua kupima adhabu. Na mwaka 1530, alipopata habari kwamba baba yake amefariki, alichukua kitabu cha Zaburi, akaingia chumbani mwake, akalia. Basi mwenye kuifundisha amri ya nne aliweza kusema fimbo ilimwumiza, tena aliweza kumlilia mwenye fimbo. Kwake hayo mawili hayakupigana.

Twajifunza kwamba heshima haitaki uongo. Mtu akisema baba yangu hakukosa kamwe, hamheshimu baba yake. Amheshimu mtu mwingine aliyemtunga mwenyewe. Lakini kuna uongo wa pili, nao ni mwepesi kwa wenye sanaa: kumchukua baba katika saa moja mbaya na kumgandisha hapo milele, kana kwamba hakuwa na saa nyingine. Udongo ukiisha kuchomwa haubadiliki. Yule mtu mrefu barazani atakuwa ameinua mguu mchana na usiku, lakini baba wa kweli aliushusha, akaenda nyumbani, akala, akalala, labda hakulala. Nusu ya kweli ikichomwa motoni yawa ngumu kama kweli nzima.

Hapo ndipo lilipotusaidia jambo tulilolijua la mwandishi Abdulrazak Gurnah. Huyu alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1984 alirudi kwao mara ya kwanza tangu aondoke. Amesimulia kwamba siku zile alimwona baba yake, sasa mzee, akitembea polepole kwenda msikitini, akaanza kuwaza: huyu naye alikuwa mtoto, je, utoto wake ulikuwaje katika siku zile Wazungu walipokuwa wakiitwaa nchi? Katika wazo hilo kikaota kitabu chake kilichotoka mwaka 1994, nacho sasa chasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Ndani yake mna habari za Yusufu, mvulana wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake alimtoa kwa tajiri mfanya biashara kwa sababu ya deni, naye mtoto hakuelezwa.

Angalieni, wasomaji, mtu huyu alivyotazama. Alikuwa amerudi kwao baada ya miaka mingi. Wengi wetu katika hali ile tungejitafuta sisi tu, mtaa wetu, mchezo wetu, machozi yetu. Yeye alimwona baba na kumtafuta mtoto ndani yake. Tulipolifikiri hilo tulitambua kwamba katika baraza la fundi wetu wa Uyole mlikosekana mtu mmoja. Alikuwapo mtoto aliyepigwa, alikuwapo baba mwenye fimbo. Hakuwapo mtoto ambaye baba yule alikuwa.

Basi tuliwaita ndugu wale wawili, tukaketi nao. Hatukumwambia mdogo avunje kazi yake, wala hatukumwambia kaka anyamaze. Tulimwuliza kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, "Mzee, baba yenu alikuwa mtoto wa namna gani?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema ya kwamba shamba lile la maharagwe lilikuwa la mjane, asiye na akiba nyingine, na baba alimlipa madebe mawili ya mahindi katika mwaka ambao nyumbani mwenyewe hawakushiba. Mdogo wake hakulijua hilo. Akaendelea kusema kwamba baba, alipokuwa na miaka saba, katika wakati wa njaa, alipelekwa kwa watu wengine kuchunga ng'ombe wao apate chakula tu. Siku moja ng'ombe mmoja alipotea, naye alifukuzwa usiku, akalala nje katika baridi ya milimani. Habari hii baba aliisimulia mara moja tu, kwa mwanawe mkubwa, wala hakuirudia. Fundi akamwuliza kaka yake, "Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?" Kaka akajibu, "Hukuniuliza. Nami niliona haya kwa ajili yake."

Hatukuona inafaa kuongeza neno. Wiki chache baadaye tulipita nyumbani kwa fundi. Alikuwa amemfanya mtoto mwingine, mwembamba kuliko yule wa kwanza, hana nguo begani, ameshika kijiti na kutazama mbali kama mtu atafutaye kitu gizani. Alimweka nyuma ya yule mtu mrefu, karibu sana, hata kivuli kimoja kikawafunika wote wawili. Fimbo hakuiondoa, wala mguu hakuushusha. Tulimwuliza kwa nini. Alisema, "Alinipiga kweli, na ng'ombe wangu aliwavunja kweli. Lakini sasa najua aliyekuwa nyuma yake."

Kaka yake hakuridhika yote. Alisema angependa udongo ule usiwepo kabisa. Lakini aliomba jambo moja, kwamba vitu vile viondolewe barazani, na mdogo wake akakubali. Sasa viko ndani, juu ya ubao ukutani. Atakaye kuviona huingia, huketi, naye huelezwa habari yote tangu mwanzo. Kule barazani mpita njia alipata nusu na kucheka. Siku ile wale ndugu walikula pamoja.

Basi, ndugu wasomaji, tukiulizwa kama yampasa mtu mzima kumrudia mtoto aliyekuwa, twajibu kwamba yampasa yule ambaye njia yake ilikatwa, tena ni halali kwa kila mtu. Lakini kazi hii ina masharti yake. Wewe uchoraye, au uandikaye, au ufinyangaye utoto wako, usiutie asali ili upendwe, wala usiutie nyongo ili uhurumiwe. Kabla ya kuchoma kazi yako, nenda kwa aliye mkubwa kuliko wewe, umwulize usiyoyajua, maana wazee wetu wanaondoka, na kila mmoja aondokapo huchukua vipande vyetu ambavyo hatutavipata kwa mwingine. Na ukiisha kumpata mtoto wako, usimwache peke yake; tafuta mtoto aliyekuwa ndani ya yule aliyekuumiza. Huenda usimpate. Wengine hawakuacha habari, na wengine waliumiza kwa namna ambayo hakuna utoto uwezao kuieleza; hapo hatukulazimishi kusema ni sawa. Lakini kutafuta ni deni, na deni hilo haliwapiti walioumizwa.

Wengine mtasema, Sisi si wafinyanzi wala waandishi, neno hili halituhusu. Lawahusu. Jioni hii, mtakaporudi kutoka shambani, mkiwa mmechoka na baridi ya Uyole imewashika, mtamkuta mtoto amekaa katikati ya njia na matope yake, naye hakuteka maji mliyomwagiza. Maji ni lazima yatekwe, wala hatusemi aachwe bila kuonywa. Lakini mkumbuke kwamba vidole vile vidogo vyashika umbo lenu pia, na baada ya miaka 50 vitaweza kulitoa. Angalieni mguu mnapouweka.